Valizi nyekundu na majina manne

BENI, Kivu Kaskazini – Jumapili mchana, baada ya misa na kabla ya mvua, watu watano walikaa chini ya mti wa avoka katika parseli moja ya komini ya Mulekera. Katikati yao palikuwa na sahani ya karanga, termosi ya chai na valizi moja nyekundu iliyofunguliwa, bado tupu. Valizi hiyo ndiyo iliyowakusanya, maana mwenye nayo alikuwa asafiri siku ya Jumanne. Majina yao hayaandikwi hapa kwa sababu wenyewe waliomba hivyo. Anayewajua atawatambua kwa maneno yao.

Mwenye safari ni muuguzi, mama wa watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka sita. Alitoka Goma pamoja nao mwanzoni mwa mwaka 2025, wakati wa vita, akafika Beni kwa njia ndefu, nyumbani kwa mama yake mkubwa. Mume wake yuko Canada. Alipoondoka, mtoto mdogo alikuwa bado hajajifunza kutembea. Kwa huyo mdogo, baba ni mtu wa ndani ya simu. Mtandao ukipotea, mtoto husema, “Baba amekatika.”

Mwenye nyumba, huyo mama mkubwa, alisafiri mara moja tu maishani, kwenda Ubelgiji kumsaidia binti yake aliyejifungua. Tangu arudi, mtaa mzima unamwita Mama Bruxelles. Wa tatu ni mfanyabiashara aliyezoea kuleta nguo na simu kutoka Falme za Kiarabu, na jina lake siku hizi ni Dubai, hata kwa watoto wake. Wa nne ni Mwalimu wa sekondari ambaye aliwahi kualikwa Dakar kwa semina. Wa tano ni kijana wa taksi-moto, jirani, ambaye hajawahi kupanda ndege hata siku moja. Yeye alikuja kwa sababu ndiye atakayebeba valizi mpaka kwenye basi.

Na ndiye aliyeanza maswali.

“Ni kweli ndani ya ndege kuna choo?”

“Kipo,” Mama Bruxelles akajibu. “Lakini ukifinya ile kibonye, kinanguruma kama simba. Mimi nilitoka mbio na kitenge mkononi.”

Watu wakacheka, na hapo ndipo maneno ya safari yalipoanza. Kila mmoja alikuwa na lake.

Dubai alianza na saa. Wakati mmoja tikiti yake iliandikwa tarehe 14, saa 01:50. Akahesabu siku zake vizuri, akaaga nyumbani, akapanda basi, akafika Entebbe tarehe 14 jioni akiwa amenyoa na amevaa koti. Dada wa kaunta akatazama tikiti, akamtazama yeye, akamwambia ndege yake iliondoka usiku wa kuamkia siku hiyo.

“Mimi nikasema, dada, leo si tarehe 14? Akasema ni 14. Nikasema, basi ndege yangu iko wapi? Akasema iko Dubai, imefika zamani.”

Mwalimu akaeleza taratibu, kama ubaoni. Kwa Kiswahili siku yetu huanza asubuhi, na usiku ni mkia wa mchana uliopita. Saa saba na dakika hamsini za usiku wa tarehe 13, sisi tunasema bado ni usiku wa 13. Kwa watu wa ndege siku huanza saa sita ya usiku, kwa hiyo saa ileile imeshaingia tarehe 14. Mtu akiona tikiti yenye 00, 01, 02 au 03 mbele, ajue lazima awe uwanjani jioni ya siku iliyotangulia.

“Na usisahau saa ya Uganda,” Dubai akaongeza. “Sisi hapa Beni tuko nyuma yao saa moja. Ukivuka Kasindi kuingia Mpondwe, saa moja imeshaliwa. Hakuna anayekuambia.”

Siku hiyo alilipa faini ya kubadilisha tarehe na akalala usiku mbili kwenye kiti cha chuma. Alisema kiti kile kina mkono wa chuma katikati, makusudi, ili mtu asijinyooshe.

Zamu ya Mama Bruxelles ikafika. Yeye aliudhika zaidi kwa sababu ya mawese. Alipokwenda kumwona binti yake, aliweka chupa ya nusu lita ya mawese katika mkoba wa mkononi, kwa sababu hakutaka imwagike juu ya nguo ndani ya valizi. Kwenye mashine ya kupekua, kijana mmoja aliitoa chupa, akaiinua juu, akaitazama kwenye mwanga kama daktari anavyotazama mkojo, kisha akaitupa kwenye pipa.

“Niliomba niinywe hapohapo. Akakataa.”

Mwalimu akasema sheria hiyo ina historia. Mwezi wa Agosti 2006 polisi wa Uingereza waligundua mpango wa watu waliotaka kulipua ndege zilizokuwa zikitoka London kwenda Amerika Kaskazini, kwa kutumia vitu vya majimaji vilivyofichwa katika chupa za vinywaji. Tangu hapo viwanja vingi vya dunia vinakataza chupa inayozidi mililita 100 katika mkoba wa mkononi. Na wanachotazama ni ukubwa wa chupa. Chupa ya nusu lita yenye tone moja la mafuta chini, itachukuliwa.

“Kwa hiyo mawese yangu ilitupwa kwa sababu ya watu wa London ambao hata siwajui?” Mama Bruxelles akauliza.

“Ndiyo hivyo, Mama.”

“Basi walinikosea.”

Na hayo hayakuwa yote. Alikuwa pia na fromaji ya Masisi, lile gurudumu la jibini linalopendwa sana Goma na hapa. Hilo lilipita salama ndani ya valizi mpaka Ubelgiji, lakini watu wa forodha walimsimamisha kabla ya mlango wa kutokea. Nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu msafiri kutoka nchi zetu kuingiza nyama wala vitu vya maziwa. Canada nako msafiri lazima atangaze kila chakula alicho nacho. Kutangaza si kosa, lakini kuficha ni kosa, na kunaweza kuleta faini.

Muuguzi alikuwa akiandika kwenye daftari la mtoto. Aliandika mawese ndani ya valizi, jibini hapana, chakula kutangaza. Hakucheka sana. Wengine walidhani ni uchovu.

Kijana wa moto akauliza kuhusu simu yake, ile betri ya kuchajia ambayo watu hutembea nayo. Dubai akamwambia hiyo ni kinyume cha mawese. Mawese inakwenda chini katika tumbo la ndege, lakini betri ya kuchajia lazima ibaki na msafiri mkononi, kwa sababu ikishika moto kule chini hakuna wa kuizima. Watu wengi hufanya kinyume kwa pande zote mbili, mafuta mkononi na betri kwenye valizi, halafu wanaitwa kwa jina katika vipaza sauti, valizi inafunguliwa mbele ya watu, na nguo za ndani zinatazamwa na foleni nzima.

“Na dola?” kijana akauliza tena.

Hapo wote walijibu kwa pamoja. Beni, Butembo au Kinshasa, noti ya dola yenye mchaniko mdogo kama jino la panya inakataliwa, na noti ya dola moja hakuna anayeigusa. Msafiri hujizoeza kubeba noti kubwa, mpya, zilizonyooka kama shati la harusi. Kisha anafika ugenini na kiu, anatoa noti ya 100 kununua chupa ya maji, na muuzaji anamtazama kama mwizi.

Mwalimu naye akatoa la kwake. Aliporudi kukumbuka Dakar hakukumbuka semina hata kidogo, alikumbuka shati. Alibadilisha ndege mara mbili njiani, akafika, valizi yake haikufika. Alisimama kando ya ule mkanda unaozunguka mpaka ukabaki na boksi moja ambalo si lake. Siku tatu alisimama mbele ya watu na shati lilelile, akilifua usiku na kulivaa asubuhi likiwa na unyevu.

“Kosa langu ni moja,” alisema. “Nilitoka nje ya uwanja kwanza, nikaenda hoteli, ndipo nikarudi kulalamika. Usitoke. Palepale ndani kuna biro ya mizigo iliyopotea. Unawapa ile karatasi ndogo waliyobandika nyuma ya pasi yako ya kupandia, wanakuandikia ripoti, na ripoti ina namba. Bila namba hiyo wewe ni mtu anayelia tu.”

Akaeleza pia kuwa mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaofuatwa na nchi nyingi, unaweka siku. Mzigo ukipita siku 21 haujafika, msafiri ana haki ya kudai kama umepotea. Ukifika umevunjika, ana siku 7 za kuandika malalamiko. Muuguzi akaandika 21, akaandika 7.

Dubai akakumbuka jamaa mmoja aliyenunua tikiti ya bei nafuu kwenda Brazil kwa kupitia Ulaya. Hakutaka kuingia Ulaya, alitaka kubadilisha ndege tu. Alizuiwa kaunta kabla ya kupanda ndege ya kwanza. Congo iko katika orodha ya nchi ambazo raia wake, hata kama hawatoki nje ya uwanja, wanatakiwa kuwa na viza ya kupitia katika viwanja vya nchi za Schengen. Wanaosamehewa ni wenye hati fulani, kama viza halali ya Canada, ya Marekani au ya Japani. Jamaa yule hakuwa nayo. Pesa ya tikiti ilikwenda, na kwao waliamini alikula pesa za ukoo.

Kuhusu karte jone, Mama Bruxelles alikuwa na wasiwasi, kwa sababu ya muuguzi ilikuwa na tarehe ya zamani, na juu yake imeandikwa miaka kumi. Muuguzi mwenyewe akamtuliza, kwa kuwa hii ni kazi yake. Tangu Julai 2016 chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa ya maisha yote, hata kwa kadi za zamani. Afisa wa afya akikataa, mtu amweleze kwa upole.

“Kwa upole,” Dubai akarudia. “Uwanjani kila kitu ni kwa upole. Wakikuambia vua mkanda, unavua. Vua viatu, unavua. Mimi siku moja soksi ilikuwa na tundu, kidole kikubwa kiko nje kinasalimia watu wote.”

Kijana wa moto alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akasema neno ambalo liliwanyamazisha kidogo.

“Ninyi muko nalalamika tu. Mimi waninyang'anye mawese, wanivue soksi, wanilaze kwenye kile kiti cha chuma. Nitasema aksanti. Barabara ya hapa mpaka Kasindi mimi ninaijua shimo kwa shimo, na ndio mwisho wa dunia yangu.”

Mama Bruxelles akampa karanga. Akasema, “Mwanangu, ni kweli. Anayelalamika juu ya kiti amepata kukaa.”

Hapo walikumbuka valizi. Kilo 23 ndizo zilizoandikwa kwenye tikiti, na kila mmoja alikuwa na hadithi ya kilo. Dubai aliwahi kupita kaunta akiwa amevaa majaketi matatu katika joto la Entebbe ili kupunguza mzigo. Mama Bruxelles alitoa mihogo mikavu mbele ya foleni akaigawa kwa wafagiaji. Waliamua kupima nyumbani. Kijana wa moto akaenda kwa jirani anayenunua kakao, akarudi na ile mizani ya ndoano wanayopimia magunia. Wakaifunga kwenye tawi la mti wa avoka.

Muuguzi aliingia ndani akatoa alivyo navyo. Nguo za watoto. Mavazi yake mawili ya kanisani. Vazi jeupe la kazi. Biblia. Bilauri mbili za plastiki za watoto. Bilteni za shule za yule mkubwa, za Goma na za hapa. Wakaviweka, wakafunga zipu, wakatundika valizi. Mshale ukatikisika, ukasimama kwenye kilo 11.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mchana wote walikuwa wamemwonya juu ya kilo 23.

“Ndivyo vyote,” akasema. “Siku tuliyotoka Goma hakuna aliyetupimia. Nilimbeba mdogo mgongoni, mkubwa akabeba godoro mpaka akachoka, tukaliacha njiani. Valizi yenyewe nilipewa hapa.”

Mama Bruxelles aliinuka bila kujibu, akaingia nyumbani. Alirudi na vitenge viwili ambavyo havijashonwa na unga wa muhogo kilo tano, aliokuwa ameutwanga kwa ajili ya nyumba yake. Mwalimu akatuma mtoto kwake kuleta kamusi ya Kifaransa, kisha kahawa ya Butembo iliyosagwa. Dubai akatoa sweta mbili za watoto kutoka katika mali ya duka, akasema anazipunguza bei mpaka sifuri. Kijana wa moto hakuwa na kitu hapo, akaondoka na pikipiki yake, akarudi na chupa ndogo ya mawese iliyofungwa kwa mpira na mifuko mitatu ya plastiki.

“Hii iende chini,” akasema. “Si mkononi. Nimesikia.”

Wakatundika tena. Kilo 22 na nusu. Wakapiga makofi kama watu waliofunga goli.

Ndipo muuguzi alipotoa swali lililokuwa limemfanya asicheke tangu mwanzo. Alilisema akitazama chini.

“Mwalimu, mimi niko Masika. Mtoto wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale. Baba yao ni Kasereka. Watu wanne, majina manne. Kule kaunta wakiniuliza, huyu mtoto ni wa nani, nitajibu nini? Wakinitenganisha na mmoja?”

Hilo halikuwa la kucheka. Kwa Wanande jina hufuata mpango wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza anaweza kuwa Paluku au Mumbere, wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka. Ndugu wa tumbo moja hawana jina moja, na kila mtu hapa anajua hivyo tangu utoto, kiasi kwamba hakuna anayeeleza. Juu ya hilo Mcongomani ana majina matatu. Mwalimu alikumbusha kwamba mwaka 1972, wakati wa siasa ya uhalisia ya Mobutu, majina ya Kikristo yalikatazwa na watu wakachukua majina ya mababu. Baadaye jina la ubatizo likarudi, na lile la nyongeza likabaki. Leo pasiporo yetu ina jina, jina la nyongeza na jina la ubatizo. Mashine za tikiti zina vyumba viwili tu, jina la ukoo na jina la kupewa. La tatu linasukumwa popote, au linagundishwa na jingine kuwa neno moja refu ambalo hata mwenyewe hawezi kulisoma.

“Lakini wanaouliza hawakutukani,” Mwalimu akasema. “Wanatafuta watoto walioibwa. Mama mwenye jina moja, mtoto mwenye jina lingine, baba hayupo, lazima waulize. Usikasirike. Jibu kwa karatasi. Uko nazo?”

Alikuwa nazo. Alileta mfuko wa plastiki ambao hulala chini ya mto wake. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilibaki Goma, ndani ya kabati, na hajui kama nyumba hiyo bado ina kabati. Kwa hiyo alipitia mahakama hapa Beni, akapata kwa kila mtoto ile hukumu ambayo watu wanaiita jugement supplétif, inayoshika nafasi ya cheti. Ilimgharimu safari nyingi na asubuhi nyingi za kukaa kwenye benchi. Kulikuwa pia na barua ya baba, iliyotiwa sahihi mbele ya mthibitishaji kule Canada, inayoruhusu watoto wasafiri na mama yao, pamoja na kopi ya kitambulisho chake. Pasiporo tatu. Viza tatu. Tikiti tatu, zilizochapwa kwenye karatasi.

Walizipanga juu ya mkeka, mtoto kwa mtoto. Mwalimu akasoma pasiporo kwa sauti, Mama Bruxelles akatazama picha. Kijana wa moto alichukua tikiti. Yeye hajamaliza shule, lakini kazi yake imemzoeza kusoma namba za magari herufi moja moja. Akapeleka kidole chake chini ya mstari.

“Soma tena jina la mdogo, Mwalimu.”

“K, A, M, B, A, L, E.”

“Hapa iko K, A, M, A, B, L, E.”

Mwalimu akachukua karatasi. Dubai akaichukua kutoka kwake. Herufi mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi, na hakuna aliyekuwa ameliona kwa wiki tatu. Muuguzi alikaa chini polepole, mkono kwenye mdomo. Tikiti na pasiporo lazima vifanane. Kwa kosa dogo kama hilo kaunta nyingine husamehe, nyingine humwacha mtu nje, na aliyekuwa aachwe nje ni mtoto wa miaka sita, safari ikiwa ni ya mara moja, na viza ikiwa na tarehe yake ya mwisho.

Dubai hakusema neno la faraja. Alitoa simu. Wakala aliyeuza tikiti yuko Kampala, na ilikuwa Jumapili. Alipiga mara nne. Mara ya tano mtu akapokea, kelele za mpira zikisikika nyuma yake. Dubai alizungumza kwa Kiingereza chake cha biashara, kisha kwa Luganda, kisha kwa Kiswahili alipokasirika. Wakala alisema ni kosa dogo. Dubai akamjibu kwamba kama ni dogo, alisahihishe leo. Wakala akaomba pesa. Dubai akamkumbusha ni nani aliyeandika. Walikubaliana picha ya pasiporo itumwe saa ileile, na kampuni ya ndege iombwe kusahihisha jina kesho asubuhi.

Wingu lilishafunga upande wa Ruwenzori. Watu walitawanyika kabla ya giza, kama inavyopasa hapa kwetu.

Jumatatu ilikuwa ndefu. Muuguzi alikwenda kazini kuaga, akarudi, akafua vitu ambavyo vilikuwa safi. Saa nne, hakuna kitu. Saa saba, hakuna kitu. Mama Bruxelles alipika sombe, hakuna aliyekula vizuri. Saa kumi na nusu alasiri Dubai alifika mwenyewe kwa miguu, kwa sababu hakutaka kupiga simu. Alikuwa na karatasi mpya mkononi. Hakumpa muuguzi. Alimpa kijana wa moto.

“Soma.”

Kijana akaweka kidole. “K, A, M, B, A, L, E.” Akarudia tena tangu mwanzo, halafu akasoma ya Paluku, halafu ya mama.

Jumanne alfajiri walishuka kwenye kituo cha mabasi. Valizi ilifungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira. Yule mdogo alivaa sweta ya Dubai ingawa hakukuwa na baridi. Mama Bruxelles alirudia mambo yote kwa haraka dirishani, mawese chini, betri mkononi, saa ya Uganda, chakula kutangaza, kwenye ndege mumeze mate masikio yakiziba. Muuguzi alitikisa kichwa kwa kila neno. Basi lilipoanza kutembea, mama mkubwa alikuwa bado anasema.

Usiku wa Alhamisi ulipita bila habari. Ijumaa jioni simu ya Mama Bruxelles ililia, ujumbe wa sauti. Aliwaita wengine kwanza, ndipo akafungua. Sauti ya muuguzi ilikuwa imechoka. Alisema kweli waliulizwa juu ya majina, mara mbili, Entebbe na walipofika. Mara ya kwanza mikono ilimtetemeka. Mara ya pili alipanga karatasi mwenyewe juu ya kaunta, mtoto kwa mtoto, kama zilivyokaa kwenye mkeka. Afisa alisoma, akamuuliza mdogo, kwa mkalimani, huyu ni nani. Mdogo akajibu, “Ni mama.” Akaulizwa baba yako yuko wapi. Akaonyesha simu.

Kisha walitoka kupitia mlango wa vioo. Baba alikuwa amesimama hapo. Mdogo alimtazama muda mrefu kabla ya kumsogelea.

“Tumefika wote,” sauti ikasema. “Valizi ndiyo haijafika. Lakini namba ya ripoti niko nayo.”

Chini ya mti wa avoka watu walicheka, na Mama Bruxelles alijifuta macho kwa kitenge akisema ni moshi wa makaa. Jumapili iliyofuata walikaa tena palepale. Habari mpya ilikuwa kwamba valizi nyekundu ilipelekwa mpaka mlangoni siku ya pili. Unga ulikuwa salama, mawese haikumwagika, lakini gurudumu moja halikuwepo.

Mwalimu akainua kidole. “Ana siku 7 za kuandika malalamiko.”

“Ameshaandika,” kijana wa moto akasema. “Aliniandikia mimi nimsomee kwanza herufi.”